Nani Anakaa kwenye 172.17?

Mwanafunzi wa kompyuta mjini Bukavu anapofungua programu ya VirtualBox kwa mara ya kwanza na kuwasha ndani yake mashine pepe ya kujifunzia, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu tu, mashine hiyo huamka ikiwa na anwani 10.0.2.15. Jirani yake wa dawati akiwasha yake, nayo huamka na 10.0.2.15. Ng'ambo ya mto Ruzizi, kule Kamembe, ni hiyo hiyo. Dar es Salaam, Muscat na Brussels vilevile. Hakuna anayegombana na mwenzake, kwa sababu kila mashine imefungiwa ndani ya mtandao wake mdogo, mtandao ambao VirtualBox imeuchora yenyewe bila kumwuliza mwenye kompyuta.

Ugomvi huanza pale mashine za namna hiyo zinapotoka darasani na kupewa kazi: kutunza mafaili ya wagonjwa, karo za wanafunzi, mishahara ya shirika. Mitandao midogo, ambayo mafundi huiita sabneti, huongezeka kimyakimya. Nyingine huchorwa na fundi, nyingine huzaliwa na programu yenyewe, hadi siku ambayo hakuna mtu ofisini anayeweza kuzitaja zote kwa kichwa. Ndiyo maana majukwaa makubwa ya mashine pepe huja na amri ya kuziorodhesha. Kuiandika amri hiyo hakuhitaji zaidi ya maneno matatu, na jibu huja kwa sekunde chache. Kulisoma jibu ndiyo kazi.

Kwa mkazi wa Bukavu, sabneti si jambo geni sana. Mji umegawanyika kwa komini. Komini ya Ibanda ina mitaa ya Ndendere, Nyalukemba na Panzi. Kila mtaa una avenyu zake, na kila avenyu ina viwanja vyenye namba. Namba 15 peke yake haimfikishi mgeni popote, maana avenyu zenye namba 15 ni nyingi. Anwani ya kompyuta imejengwa hivyo hivyo: mwanzo wake hutaja mtandao, mwisho wake hutaja mashine. Na kama inavyotokea kiwanja kimoja kikauzwa kwa watu wawili, kila mmoja akiwa na karatasi yake mkononi, mtandao nao unaweza kugawiwa mara mbili bila wagawaji kujuana.

Anwani za mfumo wa zamani, IPv4, ziliwekewa kanuni mwezi Septemba 1981. Kila anwani ni biti 32, yaani namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, na kila namba ni kati ya 0 na 255. Jumla yake ni 4,294,967,296. Wakati huo hesabu hiyo ilionekana kubwa kupita kiasi, na mashirika yaligawiwa mafungu makubwa bila kubanwa. Mwaka 1985 ndipo ilipotolewa kanuni ya kukata fungu moja vipande ndani ya taasisi, na hapo sabneti zikapata hadhi rasmi. Mwaka 1993 ukaja utaratibu wa mkwaju unaotumika hadi leo: 192.168.40.0/24 maana yake biti 24 za mwanzo ni jina la mtandao, na biti 8 zinazobaki ni za mashine. Biti 8 hutoa anwani 256. Ya kwanza huutaja mtandao wenyewe na ya mwisho hutumika kuwaita wote kwa pamoja, kwa hiyo zinabaki 254. Ukiandika /26 zinabaki 62. Ukiandika /30 zinabaki mbili tu, zinazotosha kuunganisha ruta moja na nyingine.

Hesabu hiyo ndiyo huwachanganya wanaoanza: namba baada ya mkwaju ikikua, mtandao unapungua.

Februari 1996 yalitengwa mafungu matatu ya anwani za ndani, ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia nyumbani au kazini bila kuomba ruhusa, mradi zisitokee kwenye intaneti ya nje: zote zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na zile za 192.168. La kwanza lina anwani zaidi ya milioni 16, la pili zaidi ya milioni moja, la tatu 65,536. Tangu hapo dunia nzima inaishi ndani ya mafungu hayo matatu, na anwani za nje zimebaki za mlangoni tu.

Anwani za nje kwa Afrika hugawiwa na AFRINIC, yenye makao Ebène nchini Mauritius, iliyotambuliwa rasmi mwaka 2005. Hifadhi kuu ya dunia iliisha Februari 2011, kila kanda ikapewa fungu la mwisho. Afrika ndiyo iliyobaki na akiba muda mrefu kuliko kanda nyingine, na akiba hiyo ikavutia macho. Mwishoni mwa 2019 ilibainika kwamba mamilioni ya anwani za bara hili yalikuwa yamehamishwa kinyemela kwa kubadilisha kumbukumbu za daftari la AFRINIC lenyewe. Baadaye zilifuata kesi za mahakamani. Mwaka 2021 akaunti za benki za AFRINIC zilizuiwa kwa muda, na mwaka 2023 mahakama ya Mauritius ikateua msimamizi wa kuiendesha. Tangu Januari 2020 mwombaji hapati zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Taasisi ya Kivu Kusini inayotaka anwani za nje kwa kila mashine yake, kwa hiyo, inapoteza muda. Itaishi kwa anwani za ndani kama wengine wote, na itabidi ijue ilivyozigawa.

Mashine pepe zenyewe si jambo la juzi. Katika miaka ya 1960 IBM ilikuwa na programu iliyoifanya kompyuta moja kubwa ijigawe na kuonekana kama kompyuta nyingi, kila mtumiaji akidhani ana yake. Mwaka 1998 kampuni ya VMware iliundwa na kuleta ujuzi huo kwenye kompyuta za kawaida. Xen ikafuata mwaka 2003, na mwaka 2007 Linux yenyewe ikapata KVM ndani ya kiini chake. Toka hapo seva moja ya chuma inaweza kubeba mashine kumi au ishirini zisizo na mwili, kila moja na mfumo wake, kumbukumbu yake, na kadi yake ya mtandao ambayo ukifungua seva huioni.

Sura moja ya historia hiyo iliandikwa Afrika, ingawa hutajwa kwa nadra. Huduma ya Amazon ya kukodisha mashine pepe, EC2, iliyofunguliwa Agosti 2006, ilitengenezwa na kikundi cha wahandisi waliokuwa wakifanya kazi Cape Town, Afrika Kusini, chini ya Chris Pinkham. Biashara ya wingu inayoendesha mambo mengi ya simu za watu leo ina mzizi wake kwenye ofisi ya bara hili. Amazon yenyewe ilichukua karibu miaka 14 kurudi: kituo chake cha kwanza cha huduma hizo Afrika kilifunguliwa Cape Town Aprili 2020.

Bukavu ina sababu zake za kupenda mashine pepe, na ya kwanza ni umeme. Mji uko mahali ambapo Ruzizi inatoka Ziwa Kivu, na mto huo una mitambo miwili ya umeme: Ruzizi I ya mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II ya mwaka 1989, ambayo uwezo wake wa megawati 43.8 hugawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Kuwa karibu na mitambo hakujamaanisha kuwa na umeme. Mtu wa komini ya Kadutu au Bagira anaujua mgao wa SNEL, shirika la umeme la taifa, kuliko anavyoijua kalenda. Katika hali hiyo seva tano zinataka betri za seva tano, na mafuta ya jenereta ya seva tano. Kuziingiza zote ndani ya seva moja yenye nguvu ni hesabu ambayo hata mhasibu asiyejua kompyuta anaikubali.

Sababu ya pili ni umbali. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ya Kinshasa ilikata intaneti nchi nzima, na watu walikaa takriban wiki tatu bila huduma hiyo. Ofisi ambayo mashine zake zote zilikuwa Ireland haikuwa na la kufanya. Ile iliyokuwa na seva chini ya paa lake iliendelea kufungua mafaili yake, kwa sababu mtandao wa ndani hauhitaji kibali cha nje. Hoja ya kuweka mashine zako karibu nawe ilipata nguvu katika siku hizo kuliko katika mikutano mingi ya wataalamu. Na tangu Februari 2025, kundi lenye silaha la AFC/M23 lilipoingia mjini na benki zikafunga milango, maswali ya nani anashika nini na kiko wapi yamekuwa mazito zaidi.

Amri ya kuorodhesha sabneti hufanyaje kazi? Chukua OpenStack, jukwaa huria lililozinduliwa mwaka 2010 na kampuni ya Rackspace pamoja na NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Lina sehemu nyingi, kila moja na jina lake. Inayoshughulikia mitandao inaitwa Neutron. Zamani iliitwa Quantum, ikabidi ibadilishwe jina mwaka 2013 kwa sababu kampuni nyingine ilikuwa tayari inalimiliki. Fundi anafungua dirisha jeusi la amri na kuandika: openstack subnet list.

Kwanza programu hiyo inakwenda kwa mlinzi wa utambulisho, Keystone, na kuonyesha jina na nywila ya fundi. Ikikubaliwa inapewa tokeni, kibali cha muda. Kwa kibali hicho inabisha kwa Neutron, kwa kawaida kwenye mlango namba 9696, na kuomba orodha. Neutron haiendi kuzungukia mashine moja moja. Inasoma hifadhidata yake, inachuja kile ambacho mwombaji ana haki ya kukiona, na kurudisha jibu. Programu inalipanga jibu hilo katika jedwali la safu nne: kitambulisho, jina la sabneti, mtandao ambao sabneti imo, na masafa ya anwani zake.

Safu ya kwanza humtisha mgeni. Kitambulisho ni msururu wa herufi na tarakimu 36, vistari vikiwemo, ambao hakuna anayeweza kuukariri. Lakini ndiyo safu yenye maana kuliko zote. Kwenye OpenStack miradi miwili tofauti inaruhusiwa kuwa na 10.0.0.0/24 ile ile kwenye seva zile zile, kwa sababu Linux huzitenganisha kama vyumba visivyo na mlango kati yao. Msimamizi mkuu akiomba orodha anaweza kuikuta 10.0.0.0/24 mara saba, na zote ni halali. Majina hayamsaidii pia: watu watatu wanaweza kuita sabneti zao "bureau", na mfumo hauwakatazi. Kitambulisho pekee ndicho kinachosema hii si ile.

Mtumiaji wa kawaida anayeandika amri hiyo hiyo anaona mistari michache zaidi: sabneti za mradi wake, na zile zilizotangazwa kuwa za wote. Wakati mwingine wawili hukaa meza moja, wameandika amri moja, na kila mmoja anamwambia mwenzake kwamba orodha yake ndiyo pungufu. Wote wawili wako sahihi. Amri hujibu kulingana na cheo cha anayeuliza.

Amazon ina mtego wake, na umewanasa wengi. Amri yake, aws ec2 describe-subnets, hujibu kwa kanda moja tu ya vituo vyake kwa wakati. Aliyeweka mashine zake Ireland halafu akauliza akiwa ameelekeza programu kwenye kanda nyingine iliyowashwa katika akaunti yake ataletewa orodha safi isiyo na hata moja ya sabneti za mashine zake, wala hakuna onyo. Isitoshe, kila akaunti mpya hupewa katika kila kanda iliyowashwa mtandao wa kuanzia, 172.31.0.0/16, uliokatwa tayari katika sabneti za /20. Kila moja ina anwani 4,096, na Amazon hujibakizia tano. Mtu ambaye hajawahi kuchora mtandao wowote maishani mwake ana sabneti kadhaa zenye jina lake katika nchi ambazo hajakanyaga.

Docker, iliyotoka mwaka 2013 na ambayo hufunga programu katika makontena badala ya mashine kamili, ina ukimya wa aina yake. Ukiandika docker network ls utaona majina ya mitandao, lakini hutaona anwani hata moja. Lazima uulize mara ya pili, docker network inspect, kwa kila mtandao, ndipo ikutajie sabneti. Hapo ndipo 172.17 inapoingia kwenye hadithi.

Tuseme hospitali moja ya mjini ina majengo mawili. Zamani fundi wa kwanza alilipatia jengo la maabara masafa ya 172.17.0.0/16, akaondoka, na karatasi yake ikaondoka naye. Miaka inapita. Fundi mwingine anasimika programu ya mafaili ya wagonjwa kwenye seva iliyo katika jengo la utawala, na kwa kuwa programu hiyo inaendeshwa ndani ya Docker, Docker inajichagulia mtandao wake wa kawaida: 172.17.0.0/16. Docker ina desturi ya kukagua kwanza njia zinazojulikana na seva yenyewe ili isikanyage mtandao uliopo. Lakini maabara iko nyuma ya ruta, na kutoka kwenye seva haionekani. Kesho yake wauguzi wa jengo la utawala wanafungua programu vizuri. Maabara haifungui kitu. Ombi la maabara linafika kwenye seva salama, seva inaandaa jibu, inatazama jedwali lake la njia, inaona 172.17 ni makontena yaliyo ndani yake, na jibu linatumwa ndani badala ya nje. Nyaya ni nzima, swichi inawaka taa, kila anayepima mwendo wa intaneti anaukuta mzuri. Tatizo la namna hii linaweza kula siku nzima ya fundi hodari. Orodha mbili zikiwekwa ubavu kwa ubavu, ya ruta na ya Docker, linaonekana kabla chai haijapoa. Dawa yake ni mstari mmoja katika faili la mipangilio ya Docker unaoihamishia kwenye masafa mengine, kisha kuizima na kuiwasha upya usiku ambao maabara haina foleni.

Hospitali haikuchaguliwa bure kuwa mfano, kwani afya ndiyo sekta ambayo mashine pepe zimeenea bila watu kuzitaja. DHIS2, programu huria ya takwimu za afya inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, hutumika Kongo katika mfumo wa taifa wa taarifa za afya, na hutumika Tanzania, Uganda na Rwanda. Kenya iliiweka yote mtandaoni kwa nchi nzima mwaka 2011, ikiwa ya kwanza kusini mwa Sahara. Zana za kuisimika DHIS2 huigawanya katika makontena ya Linux, hifadhidata peke yake, programu peke yake, mlango wa wavuti peke yake, na mfano wake wa mipangilio huanza na 172.19.2.0/24. Docker nayo ikimaliza 172.17 hushika 172.18, kisha 172.19, na kuendelea. Zote zinachota katika fungu moja la 1996, na hakuna anayezisimamia isipokuwa mtu anayesoma orodha.

Zipo pia hali ambazo orodha haina cha kusema. Proxmox, jukwaa huria lililotoka Vienna mwaka 2008, limepata wafuasi wapya tangu Broadcom ilipoinunua VMware Novemba 2023 na kuacha kuuza leseni za kudumu. Kwa ofisi yenye seva moja au mbili ni chaguo la busara. Lakini Proxmox katika mpangilio wake wa kawaida huunganisha mashine kwenye daraja tu, na haijali anwani gani zinapita juu yake. Ni pale fundi anapotumia sehemu yake ya mitandao pepe, iliyopewa msaada kamili mwaka 2023, ndipo sabneti zinapoandikwa na kuweza kuorodheshwa. Jukwaa haliwezi kutaja ambacho halikuambiwa.

Hata OpenStack, iliyoambiwa kila kitu, inataja kilichosajiliwa, siyo kinachotumika. Sabneti iliyofunguliwa kwa mradi uliokufa itaendelea kuonekana, imekaa juu ya masafa yake, bila mashine hata moja ndani. Ukitaka kujua kujaa kwake kuna amri nyingine, openstack ip availability list, inayoonyesha jumla ya anwani na zilizokwisha chukuliwa. Na ukitaka kujua kama mashine zilizosajiliwa ziko hai, itabidi uzibishie hodi kwa nmap au programu kama hiyo. Mafundi waangalifu huweka jibu la nne kando: daftari la makusudio, yaani mitandao ilivyotakiwa kuwa. NetBox, iliyoanzia katika kampuni ya DigitalOcean na kutolewa bure mwaka 2016, hufanya kazi hiyo, ingawa ofisi ndogo inaweza kuanza na jedwali la kawaida. Kwa maoni ya mwandishi huyu, jedwali linalosasishwa kila Ijumaa ni bora kuliko NetBox iliyosimikwa kwa fedha za mradi na kusahauliwa mradi ulipofunga.

Orodha inaweza kutolewa kama faili pia. Ukiongeza -f csv mwishoni mwa amri ya OpenStack, jedwali linageuka mistari inayofunguka kwenye Excel. Faili hilo likihifadhiwa kila wiki, tofauti kati ya wiki hii na iliyopita hujionyesha zenyewe: sabneti mpya ambayo hakuna aliyeiomba ni jambo la kuulizia siku hiyo hiyo. Lakini lisitumwe ovyo kwenye makundi ya WhatsApp. Mwizi aliyekwisha kuingia ndani ya mtandao hutumia saa zake za kwanza kutafuta hasa taarifa hizo, na hakuna haja ya kumwandalia.

Kinachobaki ni kupanga kabla ya kujenga, na hapa mkoa wenyewe unaweza kuongoza mkono. Shirika lenye makao Bukavu na vituo Uvira, Kamituga na Kalehe linaweza kulipatia kila eneo fungu lake ndani ya familia ya 10: kwa mfano 10.40.0.0/16 Bukavu, 10.41 Uvira, 10.42 Kamituga, 10.43 Kalehe. Ndani ya kila fungu, namba ya tatu inataja kazi: 10 kwa ofisi, 20 kwa seva, 30 kwa simu za wageni. Kila fungu lina anwani 65,536, nyingi kuliko kituo chochote kitakavyohitaji, na hazilipiwi. Fundi akiona 10.42.20.7 kwenye orodha anajua ni seva ya Kamituga bila kumpigia mtu simu, na siku maeneo hayo yatakapounganishwa hakuna kitakachohitaji kuhamishwa. Ziepukwe 192.168.0 na 192.168.1 popote pale. Ruta nyingi za dukani hutoka kiwandani zikiwa na masafa hayo, na daktari anayejaribu kuingia kwenye seva ya kazini kutoka nyumbani kwake Nguba, ikiwa seva hiyo ni 192.168.1.10, anaweza kujikuta anaongea na printa ya sebuleni kwake.